Nia Aliyoiweka Mzee Koki

Kurbanali hakuwa mwongo. Hilo ni vizuri lisemwe mapema, kabla mtu hajaanza kumfikiria vibaya. Pale Tandika, alipokuwa akiuza mabomba, pampu na koki katika duka aliloachiwa na baba yake, hata mafundi wanaolalamikia kila kitu hawakuwahi kulalamika kwamba wameuziwa koki ya bati kwa jina la shaba. Walimbandika jina la Mzee Koki, naye akalipokea, akalipaka rangi kwenye kibao cha duka. Ukimuuliza kama pampu fulani itadumu, alikutazama usoni, akakwambia haidumu, chukua ile ya pembeni. Sasa mtu wa namna hiyo akiamua siku moja kupindisha jambo, hulipindisha kwa taabu, maana hana mazoezi.

Jambo lenyewe lilimhusu Shelina, mwanawe wa pekee.

Shelina alikuwa mhandisi wa maji. Alikulia mlemle dukani, akitoka shule anakaa juu ya rola la mpira wa maji na kufanya hesabu zake, na alijua kukaza nati kabla hajajua kusuka nywele. Alipomaliza chuo alipata kazi katika shirika dogo linalopima visima Kigamboni, hasa huko Kimbiji, ili kujua maji ya chumvi ya bahari yamesogea hadi wapi chini ya ardhi. Mwaka huu aliomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, akakubaliwa sehemu mbili kwa mpigo.

Ya kwanza ilikuwa Uingereza, katika mji anaoishi Tazim, dada yake Kurbanali. Huko angesoma usimamizi wa miradi, na angekaa kwa shangazi yake, chumba cha juu, chenye dirisha linalotazama bustani. Ya pili ilikuwa Windhoek, Namibia. Huko angesoma maji ya chini ya ardhi, angekaa hosteli, na katika mji mzima hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kula pilau nyumbani kwa Kurbanali.

"Namibia si jangwa lile?" Tazim aliuliza kwenye simu, sauti imepanda. "Mtoto anaacha Uingereza anakwenda kusoma maji jangwani?"

"Ndiyo maana, Foi," alijibu Shelina. Foi ndivyo familia yao inavyomwita shangazi. "Kule wamehangaika nayo miaka mingi, wameshajua mengi. Mie nataka hayo wanayoyajua."

"Na utakula nini?"

"Chakula, Foi."

Kurbanali alikuwa pembeni, anamenya chungwa tu. Lakini moyoni alikuwa upande wa dada yake, tena si kidogo. Mkewe, Shehnaz, alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo katika nyumba yao ya Kigamboni walibaki wawili tu, yeye na binti yake, wanagombania rimoti na kupeana zamu ya kumwagilia mikunde aliyoipanda marehemu. Shelina akienda kwa Tazim, Kurbanali alijiambia, atakuwa amehama chumba tu, hajahama nyumba. Akienda Windhoek atakuwa ameondoka kweli. Hofu yake nzima ilikuwa hiyo, na hakuwahi kumtamkia mtu.

Mjadala ukaenda, ukarudi. Ndugu wa Upanga wakatia maneno yao, wa Mombasa wakatia ya kwao. Mwisho Shelina akachoka. Siku moja asubuhi, wanakunywa chai, alisema:

"Bapa, basi nenda kanitazamie istikhara. Uliza kama niende Windhoek. Ikitoka nzuri, naenda. Ikitoka mbaya, naenda kwa Foi na sitasema neno. Niahidi tu kwamba na nyie hamtasema neno."

"Nimeahidi," alisema Kurbanali.

Katika jamaa zao, Mashia wa Ithnaasheri, istikhara ni jambo la kila siku. Mtu akitatizika, iwe ni posa, nyumba au upasuaji wa goti, huenda kwa maulana. Hamwelezi kitu. Huweka nia moyoni, yaani swali lake, halafu humwambia maulana kwamba yuko tayari. Maulana husoma dua, hushika tasbihi mahali popote katikati, huhesabu punje mbilimbili, na kinachobaki mwishoni ndicho jibu: nzuri au mbaya. Swali linabaki kati ya mtu na Mola wake. Na likishajibiwa halirudiwi.

Ijumaa ile, baada ya sala, Kurbanali alikaa mbele ya maulana kule msikitini mjini, mikono juu ya magoti. Alikuwa na swali la Shelina mdomoni, amelibeba tangu daraja la Kigamboni. Lakini alipofumba macho, likaja lingine. Tusimsingizie shetani, lilikuwa swali lake mwenyewe, alilolala nalo kwa wiki nzima. *Nimzuie asiende?* Ndivyo alivyouliza moyoni. Aliona ni swali halali tu, tena la baba. Na ikitoka nzuri, basi atamzuia kwa ruhusa kutoka juu, na lawama hazitakuwa zake.

Tasbihi ikahesabiwa. Maulana akainua uso.

"Mbaya," alisema kwa upole. "Usifanye."

Ujanja wa Kurbanali ukamtokea puani palepale. Alishukuru, akavaa viatu, akaendesha gari hadi Kigamboni bila kufungua redio. Shelina alikuwa mlangoni anamsubiri, ameshika kitambaa cha jikoni kwa mikono miwili.

"Imetokaje?"

Na hapa ndipo mtu asiye na mazoezi alipojaribu.

"Imetoka mbaya," alisema Kurbanali.

Neno kwa neno lilikuwa kweli. Alijiambia hivyo alipokuwa ananawa mikono, akajiambia tena mezani. Shelina alisimama kidogo, akakunja kile kitambaa mara mbili, akakitundika mahali pake. "Haya," alisema. "Alhamdulillahi." Kisha akapakua chakula, kuku wa kupaka wa nazi, na akala, na akasimulia habari za ofisini kama siku nyingine yoyote. Ahadi ni ahadi. Hakusema neno.

Laiti angesema! Kurbanali alikuwa amejiandaa kwa machozi, amejiandaa kwa kugombezwa. Hakuwa amejiandaa kwa binti anayetii kwa moyo mweupe. Siku zilizofuata nyumba ikawa na shughuli za safari ya Uingereza. Tazim alipiga simu kila jioni, mara kanunua blanketi, mara anauliza rangi ya mapazia. Shelina alinunua koti zito la mtumba, akalifua mara tatu, akalianika uani likaning'inia pale kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Alisaga bizari, akafunga achari kwenye chupa na kuzizungushia plasta. Jibu la kukataa nafasi ya Windhoek alikuwa ameliandika tayari kwenye kompyuta. Alikuwa bado hajalituma, alisema, mpaka amalize kazi yake Kimbiji. Windhoek nao walikuwa wanataka jibu kabla ya mwezi kuisha.

Asubuhi moja Kurbanali alifika dukani akakuta buti mbili za mpira zimekaa juu ya kaunta, zimeoshwa mpaka zinang'aa. Alizijua. Shelina alikuwa akizivaa visimani.

"Za nani hizi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Dada Shelina kazileta," alisema Theonest. Theonest ni mtu wa Bukoba, mwenye umri unaokaribia hamsini, ambaye amefanya kazi na Kurbanali muda mrefu kiasi kwamba wateja wengine humwita Koki Mdogo. "Kasema apewe yeyote anayezihitaji. Huko aendako hakuna matope."

Kurbanali akazishusha chini ya kaunta.

"Mzee," Theonest akaendelea, maana ni mtu wa kupenda kuuliza, "hiyo istikhara yenu, sheikh anajuaje umeuliza nini?"

"Hajui. Ni siri."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nia ni yako na Mungu."

Theonest alifikiri, huku anapanga elbo, zile kona za bomba, za nusu inchi kwenye boksi. "Kwa hiyo mtu anaweza kudanganya."

"Mungu hadanganywi, Theonest."

"Simsemi Mungu, mzee. Nasema watu wa nyumbani."

Hakuwa na lake jambo, alikuwa anadadisi tu. Lakini Kurbanali alimfokea kuhusu bomba zilizopangwa vibaya, bomba ambazo alizipanga yeye mwenyewe jana yake. Theonest akamtazama, akazipanga upya.

Jumamosi Shelina alitaka kwenda Kimbiji kupima kisima kimoja kwa mara ya mwisho na kuaga. Gari la ofisi lilikuwa gereji. "Nitakupeleka," alisema Kurbanali. Alikuwa hajawahi kumwona kazini hata siku moja, ndivyo ilivyo kwa watu wa duka, Jumamosi zao zote zimeliwa na duka. Wakapanda pikapu, yeye kwenye usukani, na barabara ikawarusha kama kawaida yake.

Kisima kilikuwa kwenye uwanja wa bibi mmoja mwenye ufuta umeanikwa kwenye turubai. Shelina alimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba kwa furaha, akaulizwa mbona amekonda. Kisha akavua viatu vyake vizuri, maana buti hana tena, akalala kifudifudi mchangani na kichwa kikaingia kisimani. Aliteremsha kamba yake ya kupimia, polepole, mpaka kile chombo cha mwisho wa kamba kikalia. Akasoma. Akavuta maji kidogo, akayapima chumvi, akayaonja kabisa kwa ulimi, akamcheka bibi alipokunja uso.

"Yamepanda tena chumvi, bibi. Kile cha juu, kwa jirani, ndicho mkinywe kwanza. Hiki kiwe cha kufulia."

"Na kikizidi?"

"Ndilo hilo ninalotaka kulijua," alisema Shelina, kisha akaanza kuikunja kamba yake, kwa sababu alikumbuka kwamba hatalijua.

Kurbanali aliona yote hayo. Alimwona binti yake ana mchanga usoni, ana furaha ambayo hakuwa ameiona nyumbani tangu ile Ijumaa, na akaona ilivyozimika.

"Ndo anaondoka huyu?" bibi alimuuliza Kurbanali walipokuwa wanaagana. "Kwenda kusomea haya maji?"

"Anakwenda Uingereza. Atasoma usimamizi."

"Usimamizi wa nini?"

"Wa miradi."

"Haya," alisema bibi, akamfungia Shelina ufuta kwenye gazeti.

Wakaanza safari ya kurudi. Shelina alijifuta mchanga, akapakata ufuta wake. Kisha akamgeukia baba yake, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema:

"Bapa, nilikuwa sijakushukuru. Kwa ile istikhara. Mie peke yangu ningekwenda tu Windhoek, ningejitia kwenye balaa ambalo silijui. Afadhali ulikwenda kuniulizia."

Kurbanali alisimamisha gari. Hakulisogeza hata pembeni, alilisimamisha palepale, katikati ya barabara, na vumbi lililokuwa linawafuata likawapita.

"Sikuuliza hivyo," alisema.

"Hukuuliza vipi?"

"Sikuuliza kama uende. Ulivyoniagiza, sivyo nilivyouliza." Aliushika usukani kana kwamba bado anaendesha. "Niliuliza kama nikuzuie."

Shelina alimtazama. Ilimchukua muda kulielewa.

"Nayo ndiyo iliyotoka mbaya."

"Ndiyo."

"Ukarudi nyumbani ukaniambia imetoka mbaya."

"Ndiyo, dikri."

"Usiniite dikri," alisema Shelina, maana neno hilo la kwao ni binti, na wakati huo hakutaka kuwa binti wa mtu. "Mie nimegawa buti zangu! Nimemwambia kila mtu! Nimeswali rakaa mbili za shukrani, Bapa, nikamshukuru Mungu kwa uongo wako!"

"Haukuwa uongo kamili..."

Hapo alikosea kabisa. Shelina alifungua mlango, akateremka na ufuta wake mkononi, akaanza kutembea.

Jua lilikuwa kali, na kutoka hapo hadi Kigamboni ni mbali mno kwa miguu, wote wawili walilijua hilo. Kurbanali akawasha gari, akamfuata taratibu, gia ya kwanza, kioo kimeshushwa. Akisimama, naye anasimama. Akiongeza mwendo, naye anaongeza. Watu waliokuwa wanachoma mkaa walisimama kutazama. Mwenye bodaboda mmoja aliwapita, akageuza, akaja sambamba na Shelina.

"Sista, vipi, huyo mzee anakusumbua? Sema tumshughulikie."

"Ni baba yangu," alisema Shelina bila kusimama.

Kijana wa bodaboda akamchungulia Kurbanali, akamwona jasho linamtiririka, miwani imeshuka puani. "Aa. Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Sista, basi panda gari bana. Ishu za familia mnamalizanaga nyumbani, jua lote hili la nini?"

Shelina aliendelea hatua chache, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Kurbanali akadhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa machozi pia yalikuwemo, na hasira haikuwa imekwisha. Alirudi kwenye gari, akapita mlango wa mbele, akapanda nyuma kwenye bodi, akakaa juu ya tairi la akiba, mgongo akauegemeza kwenye kioo cha nyuma. Hivyo ndivyo walivyosafiri mpaka lami ilipoanza. Hapo akagonga paa, Kurbanali akasimama, na Shelina akaja kukaa mbele.

"Kwa nini?" aliuliza.

Kurbanali alikuwa na majibu mengi ameyaandaa, ya usalama, ya chakula, ya maneno ya watu. Yote yakamkimbia.

"Niliogopa," alisema. "Kwa Tazim ningekuwa najua umelala kitanda gani. Windhoek nisingejua lolote. Niliogopa nyumba, Shelina. Niliogopa kukaa mle peke yangu."

"Ungeniambia hivyo."

"Ningekwambia hivyo, usingekwenda kokote."

Shelina alijua kwamba ni kweli. Walifika nyumbani. Alioga, akatoka, akaweka simu mezani mbele ya baba yake.

"Foi utampigia wewe. Utamwambia ulichouliza. Chote."

Kurbanali akapiga. Tazim alisikiliza kwa utulivu wa kutisha, kisha akafunguka. Alimwita kaka yake majina ya utotoni ambayo hayajatumika tangu wanaishi Temeke, akamkumbusha kwamba hata kwenye karata alikuwa mwizi, akamuuliza angemjibu nini Shehnaz. Hilo la Shehnaz lilimfanya Kurbanali aweke mkono usoni. Shelina aliona, akamsogezea glasi ya maji. Kisha Tazim akauliza, kwa sauti nyingine:

"Windhoek usiku kuna baridi?"

"Msimu mwingine ipo," alisema Shelina.

"Basi blanketi nitalituma huko. Nimeshalitoa kwenye mfuko, hawalipokei tena."

Jioni hiyohiyo Shelina alifuta jibu la kukataa, akaandika la kukubali, akamwonyesha baba yake kabla ya kulituma. Hakuwa anaomba ruhusa, alitaka tu aone. Jumatatu Kurbanali alipofika dukani jambo la kwanza alilofanya ni kuinama chini ya kaunta. Buti hazikuwepo.

"Umempa nani?" alimuuliza Theonest.

"Sijampa mtu, mzee. Zipo stoo. Ulivyozificha siku ile nilijua bado zina mwenyewe."

Wiki za mwisho zilipita kwa kazi. Koti zito lilibaki mzigoni, achari pia, mapazia ya Tazim yakaacha kuzungumzwa. Shelina alimfundisha baba yake kupiga simu ya video bila kuonyesha dari, na Kurbanali alimfundisha Shelina kupika dengu za mama yake, jambo ambalo miaka yote alidhani binti yake analijua. Kuna siku walirushiana maneno. Kuna asubuhi Shelina alimwitikia baba yake kwa mkato, na Kurbanali akajua ni kwa nini, akavumilia.

Siku ya safari Theonest alikuja amevaa shati la kanisani. Masanduku yalikuwa sebuleni, buti zimefungwa nje ya begi kwa kamba. Kilichobaki ni imamzamin. Katika mila yao msafiri hafungi safari bila hiyo. Ni sarafu inayofungwa ndani ya kitambaa na kuvishwa mkono wa kulia, msafiri akabidhiwe kwa Imamu amlinde njiani, na akifika salama sarafu hiyo humpa mhitaji. Kila mara aliyeifunga nyumbani hapo alikuwa Shehnaz. Safari hii Kurbanali alikuwa ameishona mwenyewe, kitambaa cha kijani kilichokatwa kwenye mtandio wa marehemu, mishono mikubwa kama ya gunia.

Shelina aliitazama ile mishono, akauma mdomo. Kurbanali akakinyanyua kitambaa, akafumba macho, midomo ikaanza kucheza.

Shelina akavuta mkono wake nyuma.

"Hapana, Bapa. Leo nia iseme kwa sauti."

Kurbanali akafumbua macho. Mbele ya Theonest, mbele ya picha ya Shehnaz ukutani, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Ufike salama," alisema. "Usome hayo maji mpaka uyajue." Alisogeza miwani yake juu. "Na urudi siku utakayotaka mwenyewe. Na usipotaka, mie nitakuja."

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote. Hakuna nyingine."

Shelina akanyoosha mkono, na baba yake akafunga fundo.